Kufunga 300Tdi kwenye Land Rover 109: tuliyojifunza Mbeya

Tulipanga kuweka 300Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover yenye turbo, kwenye gari letu la petroli kwa wiki tatu na shilingi milioni 7. Kazi ilichukua miezi minne ikameza milioni 11 na laki mbili na nusu, na katika fedha hizo injini yenyewe ilikuwa milioni 5 na laki mbili. Zaidi ya nusu ilikwenda kwenye vitu ambavyo hatukuvihesabu tulipokaa kupanga: rejeta, difu, breki, nyaya, mabomba, na makosa yetu wenyewe. Tunaandika kwa ajili ya mwenye Land Rover ya zamani huku Mbeya, Iringa au Njombe anayefikiria kutoa injini ya petroli na kuweka dizeli yenye turbo, ajue pesa inakokwenda kabla hajafungua nati ya kwanza.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, pikapu, injini ya petroli ya lita 2.25. Aina hii ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na wengi wetu tumekua tukiziona zikiteremsha viazi kutoka Kawetere na ndizi kutoka Tukuyu. Injini yake ya cc 2,286 ina roho ngumu, lakini hata ikiwa mpya, tena pwani, ilitoa nguvu za farasi 70 na kidogo tu. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Zile 70 zinashuka hadi 60 hivi hata kabla hujahesabu uchakavu wa miaka arobaini. Kupanda kwenda Chunya na mzigo ilikuwa gia ya pili, mara nyingine ya kwanza, na lita moja ilituvusha kilomita tano. Turbo inaisukumia injini hewa, kwa hiyo sehemu kubwa ya hasara hiyo inarudi. Ndiyo maana kwa nyanda za juu tunaona injini ndogo yenye turbo ina faida kuliko kubwa isiyo nayo.

Kama injini ya asili bado inavuta vizuri na gari halibebi mzigo mzito, iache mahali pake. Na ukiitoa, usiwauzie watu wa chuma chakavu. Yetu tulimimina oili kwenye silinda zote nne, tukaziba kila tundu, tukaifunga turubai na kuiweka juu ya magogo ndani ya banda. Gari lilizaliwa na namba ya injini ile. Mjukuu akitaka kuirudisha, ataikuta.

Kwenye kuchagua tulifikiria tatu. 1HZ ya Toyota ni injini imara sana, cc 4,164, lakini ni silinda sita, nzito, na kwa kawaida haina turbo. 1KZ-TE ya Toyota ina turbo na inapatikana kwa wingi, ila pampu yake inaongozwa na kompyuta, maana yake unahamisha injini pamoja na nyaya zake zote na vihisio vyake, kisha unakereza pleti ya kuiunganisha na giaboksi isiyo ya ukoo wake. Tulikata shauri kwenye 300Tdi ya Land Rover, ile iliyokuja na One Ten (Defender 110) kuanzia 1994. Ni cc 2,495, nguvu za farasi 111, na mvuto wa niutoni-mita 265 kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika. Injini yetu ya zamani ilikuwa na mvuto wa 165 hivi. Pampu ni ya Bosch ya kimakanika. Ili iwake inahitaji waya mmoja wenye moto kwenye solenoidi ya kukata dizeli, basi. One Ten zimejaa nchi hii, kwa hiyo spea zipo, na mafundi wanaoijua wapo hadi vijijini.

Kuna jambo lingine la kupendeza kwa anayejali gari la asili: hizi injini mbili ni ukoo mmoja. Tundu la silinda ni lile lile, milimita 90.47. Kilichobadilika ni mwendo wa pistoni, kutoka milimita 88.9 hadi 97. Hisia ya kuweka damu ya ndugu ndani ya gari ilitusaidia kuamua.

Ila hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Ndugu wa karibu zaidi ni 200Tdi, iliyotangulia 300. Hiyo inakaa karibu moja kwa moja kwenye giaboksi la Series na kwenye sehemu za mauntini za zamani, yaani vishikio vinavyobeba injini kwenye chasisi. 300Tdi mauntini zake ziko mahali pengine kwenye bloku, na si bolti zote za nyuma zinazokutana na matundu ya giaboksi. Machache inabidi uyatoboe upya na kuyakata uzi. Ukibahatika kupata 200Tdi nzima, ichukue. Ukikosa, 300Tdi inawezekana kabisa, lakini ongeza wiki mbili za kuchomelea na kukereza.

Tuliinunua Dar es Salaam ikiwa imekaa chini kwenye mbao, hatukuisikia ikiunguruma. Usifanye hivyo kama una namna nyingine. Kama huna, angalau fanya haya ukiwa mbele ya muuzaji. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta ute mweupe kama mtindi, maji yameingia kwenye oili, ondoka. Vua bomba la hewa la turbo, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili: ikicheza kidogo sana pembeni ni kawaida, ikicheza kwenda mbele na nyuma, turbo imekwisha. Zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, usikie kama kuna mahali inagoma. Vua kifuniko cha taimingi belti, ile inayofanya valvu na pampu viende sambamba na kranki. Kwenye 300Tdi za mwanzo belti ilikuwa na tabia ya kuhama na kuliwa pembeni, na ushahidi wake ni unga mweusi wa raba ndani ya kifuniko. Sisi hatukukifungua. Tulipofika Mbeya tukakuta unga umejaa na ukingo wa belti umechanika nyuzi. Ingekatika, valvu zingekutana na pistoni.

Kama mtu ana kipimo cha kompresheni, pima silinda zote. Huku juu namba zitakuwa chini kuliko za kitabu kwa sababu ya hewa, kwa hiyo usiogope namba yenyewe. Angalia kama zote nne zinakaribiana. Na dai risiti pamoja na nyaraka za forodha zenye namba ya injini. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku kwa macho yako, tarakimu kwa tarakimu. Hizo karatasi zitahitajika mwishoni, na muuzaji akishapokea pesa ni vigumu kumpata.

Injini ikiwa bado chini ndiyo saa ya kubadilisha kila kilicho kigumu kufikiwa ikishapanda. Tulibadilisha belti, tenshena yake, pampu ya maji, sili ya nyuma ya kranki, hita plagi nne na themostati (valvu inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikishapata joto). Kuna gasketi moja nyuma ya pampu ya maji yenye umbo la herufi P, maarufu kwa kuvujisha. Ya kwetu ilikuwa imeshalowa. Na kuna plagi mbili za plastiki, moja juu ya nyumba ya themostati na nyingine juu ya rejeta. Zikizeeka hupasuka bila taarifa, maji yote yanamwagika, na hedi ya aluminiamu inapinda ndani ya dakika chache. Weka za shaba. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyonunua na pengine ndicho kimeokoa injini nyingi kuliko vyote.

Belti ifungwe na mtu mwenye pini mbili, ya kufungia pampu na ya kufungia flaiwili. Alama za chaki hazitoshi. Ukilazimika kufungua hedi, jua kwamba gasketi yake ina unene wa aina tatu, milimita 1.3, 1.4 na 1.5, unaotambulika kwa tundu moja, mawili au matatu pembeni. Unapima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku kwa saa ya kupimia, ndipo unachagua. Fundi akikuambia gasketi ni gasketi, tafuta mwingine. Nafasi ya valvu ni milimita 0.20, injini ikiwa baridi.

Kushusha injini ya zamani ni rahisi kwenye Series, na hilo tunalisifu. Boneti inachomoka, paneli ya mbele yenye rejeta inafunguka yote kwa bolti, sakafu na kifuniko cha giaboksi vinatoka, na nati za kengele ya klachi, nyumba inayounganisha injini na giaboksi, zinakuwa wazi mbele yako. Cheni bloku ya tani moja ikaning'inia kwenye nguzo za chuma tulizochomelea, maana injini ni zaidi ya kilo 200 na boriti ya banda la mbao haifai. Tahadhari ni spana. Gari la zamani bolti zake nyingi ni za inchi, injini mpya ni za milimita. Ukilazimisha spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi utaimaliza kona zake, kisha utashinda siku nzima na grainda. Tulitenganisha bolti kwenye makopo mawili tofauti tangu siku ya kwanza.

Giaboksi la zamani tuliliacha mahali pake. Sababu ni kwamba linakuamulia injini ikae wapi: urefu, kimo na mlalo wake. Propela shafti haziguswi. Kinachotakiwa ni pleti ya klachi ikubali meno ya shafti ya giaboksi, na presha pleti ikubali matundu ya flaiwili. Vitelezeshe vyote kwa mkono mezani kabla ya kuvifunga.

Siku ya kuunganisha, nyuso mbili zilikaribiana, zikasimama. Nafasi iliyobaki ilikuwa milimita 6, sawa pande zote. Ukiweka tochi upande wa pili ulikuwa unaona mstari mwembamba wa mwanga ukizunguka kengele nzima. Klachi tulikuwa tumeisentisha vizuri. Kijana aliyeshika spana akasema, "Fundi, tuvute kwa bolti, itaingia tu." Mzee aliyekuja kutuchomelea mauntini akamzuia. "Hapana, mwanangu. Bolti ikianza kuvuta, kuna kitu kinavunjika. Rudisheni nyuma."

Tukarudisha. Kwenye ncha ya shafti ya giaboksi kulikuwa na mkwaruzo mpya, duara moja linalong'aa. Kosa lilikuwa letu: bushi ya shaba iliyo katikati ya mwisho wa kranki, ile inayopokea ncha ya shafti, tulikuwa tumeigonga mpya siku mbili kabla. Bushi ikigongwa ndani ya tundu lenye kubana, nayo hujibana, tundu lake linapungua. Hatukuipima tena baada ya kuigonga. Tuliisaga kwa rima (kifaa cha kupanulia tundu) kidogo kidogo hadi shafti ya mfano ikazunguka kwa vidole bila kutikisika, tukaipaka grisi kidogo, na jioni ile nyuso zikakutana kwa kusukuma kwa mikono. Kama tungevuta kwa bolti, kengele ya aluminiamu ingepasuka sikio au pleti ya klachi ingepinda, na giaboksi lingekuwa linaingia gia kwa makelele hadi leo bila sisi kujua sababu.

Mauntini mpya zilitengenezwa kwa bamba la milimita 6, zikashikizwa kwa nukta kwanza. Usichomelee moja kwa moja. Funga kwa nukta, shusha uzito wa injini juu yake, kisha inua ekseli ya mbele kwa jeki mpaka raba ya kuzuia ikutane na chasisi, uangalie karteri ya oili iko umbali gani na ekseli na difu. Springi za majani zikikunjwa na shimo la Chunya, ekseli hupanda kuliko unavyodhani. Ya kwetu mara ya kwanza ilibakiza upana wa kidole. Tulikata, tukainua. Kabla ya kuchomelea lolote chomoa betri na altaneta, na gonga chasisi kwa nyundo ndogo sehemu zote za mbele. Mvua za Rungwe hazina huruma na chuma. Mahali panapotoa sauti ya bati bovu, kata ubandike chuma kipya kwanza.

Kupoza maji ndiko kulikotutesa zaidi, na nyanda za juu zina fizikia yake ambayo mafundi wengi hawaizingatii. Mbeya maji huchemka karibu nyuzi 94, siyo 100. Themostati ya 300Tdi hufunguka kwenye 88. Kwa hiyo kama kifuniko cha tanki la maji hakishiki presha, una nyuzi sita tu kati ya joto la kawaida na kuchemsha. Kifuniko kizima cha presha ya karibu baa moja kinapandisha kiwango hicho hadi zaidi ya nyuzi 115. Watu wananunua rejeta mpya ya mamia ya maelfu na kuacha kifuniko cha zamani kilichokufa springi.

Safari ya kwanza ya majaribio tulipanda kutoka Uyole kuelekea Isyonje. Gari lilivuta vizuri mpaka tukafurahi kabla ya wakati. Nusu ya mlima mshale ukapanda, ukashuka ghafla, ukapanda tena. Mshale unaocheza hivyo ni hewa. Kihisio kinaguswa na maji, kisha na mvuke, kisha na maji. Tulisimama, tukazima, tukasubiri saa nzima bila kugusa kifuniko. Sababu ilikuwa kwamba tanki la akiba tulilifunga mahali palipokuwa na nafasi, chini ya kimo cha hedi. Tanki hilo lazima liwe juu kuliko sehemu zote za mfumo, ili hewa ipande kwake. Tulilihamishia juu karibu na bodi ya kabini. Kujaza nako kuna utaratibu: fungua plagi ya juu ya nyumba ya themostati, jaza polepole mpaka maji yatokee hapo bila povu, funga, washa, subiri themostati ifunguke, acha ipoe, ongeza tena. Mfumo wa asili unabeba zaidi kidogo ya lita 11. Ukiona umejaa kwa lita 8, zilizobaki ni hewa.

Tafadhali usitoe themostati. Tunajua ni tabia ya gereji nyingi: gari likichemsha, "toa themostati." Kwenye injini hii ile themostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani unachemsha zaidi. Asubuhi za Juni na Julai nazo injini haifiki joto lake, inapiga moshi na kuliwa. Weka pia dawa ya rejeta badala ya maji matupu, kwa sababu hedi ni aluminiamu na maji matupu yanaitafuna.

Mafuta na umeme tutapita haraka. Tanki la petroli lisafishwe hadi likauke kabisa, na liongezewe bomba la pili la kurudishia dizeli, kwa sababu pampu hurudisha isiyotumika. Bomba la asili lilikuwa moja tu. Weka filta yenye kikombe cha kutenganisha maji. Distributa, koili na kabureta viliwekwa sandukuni pamoja na injini ya zamani. Betri ya petroli haitoshi kuzungusha dizeli. Tulikwenda kwenye ya ampea 90 na waya wa stata mnene, pamoja na waya mnene wa ethi kutoka kwenye injini hadi kwenye chasisi, maana mauntini za raba hazipitishi umeme. Hita plagi zipewe rilei yake. Kihisio cha joto kiwe kile kinachoendana na geji ya zamani, kwa kuwa kihisio cha injini mpya kwenye geji ya zamani kitakudanganya. Mabomba ya hewa kati ya filta, turbo na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) yakazwe kwa klipu nzuri. Kwa vumbi letu, tundu dogo kabla ya turbo ni msasa unaoingia kwenye silinda.

Breki. Hapa tunaomba usome mara mbili. Busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, kwenye gari la petroli inavuta hewa kutoka kwenye manifoldi ya kabureta. Dizeli haina kizuizi cha hewa pale, kwa hiyo haina uvutaji huo. Ukiunganisha bomba la busta kwenye manifoldi ya dizeli, breki itakuwa ngumu kama jiwe, na kwenye manifoldi yenye turbo ni hatari zaidi kwani kuna presha badala ya uvutaji. 300Tdi inakuja na pampu yake ya vakyumu ubavuni mwa bloku. Hakikisha unaipata pamoja na injini, hakikisha inavuta, na weka bomba jipya lenye valvu ya kuzuia kurudi. Sisi tulibadilisha na viatu vya breki magurudumu yote manne, silinda zake, masta silinda na mabomba ya chuma yaliyoota kutu.

Halafu uwiano wa gia. Difu za 109 ni za 4.7, yaani propela shafti inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi za 7.50-16, gia ya nne, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika uko kilomita 80 tu kwa saa. 300Tdi imeshatoa mvuto wake wote kwenye 1,800, kwa hiyo unaisikia inalia bure barabara yote ya Makambako. Tuliendesha hivyo mwezi mmoja, kisha tukanunua difu za 3.54, mbele na nyuma. Lazima zote mbili: ukibadilisha moja na siku moja ukaingiza four-wheel kwenye lami, kitu kitavunjika. Mizunguko ile ile 3,000 sasa inatoa kilomita 106, na mvuto mpya unatosha kuanza mlimani na mzigo. Lita moja inatupeleka kilomita tisa, mara nyingine kumi.

Lakini difu hizo zinachukua kitu. Zinapunguza breki ya injini kwa robo katika kila gia, na dizeli yenyewe, kwa kuwa hewa yake haizuiwi, inashika kidogo kuliko petroli unapoachia pedeli. Mteremko wa Kitonga tuliozoea kuushuka kwa gia ya tatu na petroli, sasa gari linakimbia kwenye tatu. Unaingiza ya pili juu kabisa, kabla ya kona ya kwanza, na unabaki nayo. Atakayekuazima gari umwambie hilo kabla hujampa ufunguo. Giaboksi la zamani nalo halikuundwa kwa niutoni-mita 265: achia klachi taratibu, usikanyage mafuta yote kwenye gia ya kwanza, na badilisha oili yake ya EP90 mapema kuliko ulivyozoea.

Karatasi tuliziacha mwisho, nalo ni kosa. Kadi ya gari ina namba ya injini, aina ya mafuta na cc, na vyote vitatu vimebadilika. Gari linahitaji kukaguliwa na askari wa usalama barabarani na taarifa kubadilishwa TRA, kwa kuonyesha risiti na nyaraka za injini. Mpaka hilo liishe, bima yako ina mashaka na kila kizuizi barabarani ni maelezo marefu. Anza siku unaponunua injini. Mjulishe na wa bima kwa maandishi.

Baada ya kilomita 1,000 tulikaza upya bolti za mauntini, klipu zote za hewa na nati za manifoldi, tukakagua kila mshono wa kuchomelea kwa tochi. Oili, lita 6 na nusu hivi pamoja na filta, tuliimwaga mapema. Baada ya mlima mrefu tunaiacha injini iungurume taratibu dakika moja kabla ya kuzima, turbo ipoe ikiwa na oili.

Kitu kimoja kidogo kinachohusu difu na kinachosahaulika: geji ya mwendo inachukua mzunguko kutoka kwenye giaboksi la pili, kabla ya difu. Ukibadilisha 4.7 kuwa 3.54, geji inasoma chini. Ikionyesha 38, uko 50, na kwenye vijiji vya barabara kuu askari mwenye tochi ya kupima mwendo hataisikiliza geji yako. Kilomita za jumla nazo zinahesabiwa pungufu kwa kiwango kile kile. Taimingi belti ya 300Tdi kwa mazingira ya vumbi na milima hubadilishwa kila kilomita 60,000. Kwenye geji yetu hizo ni 45,000, na ndiyo namba tuliyoandika kwa rangi nyeupe ndani ya boneti.